Mkono wa Mzee Kipsang

Siku ile watu walijaa klabu ya gofu ya Kericho mpaka kedi wengine, wale wabeba mikoba ya fimbo, wakapanda kukaa juu ya ukuta wa jikoni, miguu ikining'inia. Yalikuwa mashindano ya watu wa viwanda vya chai. Aliyewahi kushika fimbo ya gofu kutoka Litein hadi Sotik alikuja kucheza, na ambaye hajawahi kuishika alikuja kula nyama. Moshi wa kuku ulipita juu ya nyasi zilizokatwa asubuhi, na ng'ambo ya uwanja majani ya chai yalikuwa yamelala kijani kibichi, yamepunguzwa sawasawa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi.

Esnah Onyancha alikuwa ndani ya hema la bosi wake, Ogada. Alivaa shati la kola la rangi ya damu ya mzee na suruali ya khaki iliyopigwa pasi vizuri, nywele zake zimesukwa laini na kufungwa nyuma kwa utepe mweupe. Kazi yake ilikuwa kupima watu draiva. Draiva ndiyo ile fimbo ndefu kuliko zote, yenye kichwa kinene kama kata ya maji, ya kupigia mpira wa kwanza ili uende mbali. Wengi huinunua kama wanavyonunua mwavuli: wameona rangi, wamependa, wamelipa. Esnah alikuwa amesomea kwamba draiva hushonewa mtu kama suti. Unampima kutoka kifundo cha mkono mpaka chini. Unapima kiganja na vidole, ujue mpira wa kushikia, ule unaovikwa shingoni mwa fimbo, uwe mnene kiasi gani. Kisha unampigisha mipira mbele ya mashine ndogo inayoonyesha kwenye skrini mpira umekwenda wapi na kwa nini, huku ukibadilisha kichwa cha fimbo na mti wake, polepole, mpaka upate ile inayomfaa yeye peke yake.

"Nipe ile nyeusi," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, sweta ya kijani, kofia nyeupe, viatu vimejaa tope jekundu.

"Nyeusi ya nani?"

"Yangu. Nimeipenda."

"Kwanza simama wima, mikono uiangushe. Draiva haipendwi na macho, bwana."

"Inapendwa na nini?"

"Na mgongo. Ukiamka kesho bila kulia mgongo, ujue imekufaa."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Esnah alipiga goti na kuvuta futi kutoka kifundo cha mkono wa yule kijana hadi nyasini.

"Huyu amenipigia goti hata jina langu hajui," kijana akawaambia wenzake.

"Jina nitalijua ukilipa. Nipe mkono."

Akampa. Esnah aliulaza ule mkono juu ya kibao chenye mistari, akanyoosha vidole kimoja kimoja. Halafu akakunja pua.

"Mkono wako unanuka majani ya chai."

"Mimi ni mwonjaji kiwandani. Navuta chai mdomoni, naitema, naandika ni nzuri ama ni mbaya. Kutwa nzima."

"Unalipwa kutema?"

"Nikimeza nafukuzwa."

Esnah akacheka mpaka kibao kikamponyoka. Kijana alipopiga, mpira wa kwanza ulipinda kulia ukaenda kugonga bati la choo cha kedi. Wa pili ukaufuata wa kwanza.

"Unapiga kama mtu anayefukuza nyoka kwa jirani," Esnah alimwambia. "Lete nibadilishe mti. Huu ni mwepesi sana kwako, unakuacha nyuma."

Alibadilisha, akabadilisha tena, mpaka mpira mmoja ukaondoka ukiwa umenyooka kabisa, ukapotea juu ya miti ya mikaratusi. Kijana aliusindikiza kwa macho. Kisha akamtazama Esnah kwa macho yale yale.

"Hujanunua," Esnah alisema, akajifanya anafuta skrini.

"Sijapona. Daktari anasema nirudi lini?"

Jina lake lilikuwa Kipkurui, mwana wa Mzee Kipsang wa Kimulot, kule juu karibu na msitu wa Mau. Alirudi wiki iliyofuata kwenye duka la Ogada lililo nyuma ya klabu, akasema mpira wa kushikia umelegea. Haukuwa umelegea. Akarudi tena akasema mti unalia. Opondo, fundi mwenzake Esnah, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa, alimwangalia kijana, akaangalia fimbo, akasema, "Hii fimbo haina ugonjwa. Mgonjwa ni mwenyewe." Akatoka akawaacha.

Kuanzia hapo simu haikupumzika.

"Hujambo Fundi wangu?"

"Sijambo Bwana Majani. Umetema ngapi leo?"

"Nimetema zote. Moja ilikuwa tamu, nikakukumbuka, nikaimeza."

"Mwongo wewe! Utafukuzwa kwa ajili yangu?"

"Nikifukuzwa utaniajiri nikubebee futi."

Walikutana baada ya kazi, mvua ya Kericho ikiwa imemaliza kunyesha na barabara inatoa mvuke. Walikula mahindi ya kuchoma kando ya njia. Kipkurui alimfundisha kuvuta chai kwa kelele kama waonjaji, hotelini, mpaka akina mama wa meza ya pili wakahama. Esnah hakuwa amependwa hivyo, kwa kicheko. Alikuwa amezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, baba yake Onyancha akichuma majani mpaka mgongo ukakataa, na sasa waliishi wote kwenye kijumba walichopanga pembeni mwa mji: baba, bibi yake Yunia, kaka yake Obure na mke wa kaka, Janefer. Mama alifariki Esnah akiwa mdogo. Yunia ndiye aliyemlea, na Yunia alilea kwa adabu za Kisii, chinsoni zao, zile heshima za wakwe ambazo hazina mchezo.

Esnah alikua akiziona kila siku mezani. Janefer akimpelekea baba mkwe chai, hakumpa mkononi. Alikiweka kikombe kwenye meza, akarudi hatua nyuma, akainamisha magoti kidogo, mikono ameificha mgongoni. Ndipo mzee akachukua mwenyewe. Tangu Janefer aolewe, kiganja chake hakijawahi kugusana na cha Onyancha, hata siku alipojifungua mjukuu wa kwanza na nyumba nzima inakumbatiana. Na Onyancha alimpenda Janefer kuliko watoto aliowazaa. Ndivyo ilivyokuwa. Mkono wa baba wa mume haushikwi, na anayeushika amesema wazi mbele ya watu kwamba huyu si mkwe wangu.

Jioni moja Kipkurui alipiga simu sauti yake ikiwa imebadilika, imepungua mizaha.

"Fundi, mzee wangu anaacha kazi ya ukurugenzi wa kiwanda. Nataka kumpa zawadi. Nataka umpime draiva."

"Mlete tu. Hata Opondo anaweza."

"Opondo simtaki. Nataka akupate wewe. Mama atakuja pia."

Esnah alikaa kitandani polepole.

"Kipkurui, unamleta kwangu kama mteja, ama unamleta kama nani?"

Upande wa pili kukasikika kicheko cha aibu.

"Si unajua mwenyewe."

"Umemwambia?"

"Bado. Nataka kwanza akuone ukifanya kazi. Akupende bila kuambiwa. Halafu niseme. Usiogope, mpenzi, mzee ni mtu wa watu."

Esnah alizima simu akaikumbatia kifuani. *Si unajua mwenyewe.* Hakuwa ameulizwa, lakini alikuwa ameambiwa. Alikwenda jikoni alikokuwa bibi yake akichambua mboga za managu.

"Magokoro, baba yake Kipkurui anakuja. Nitampima draiva."

Mikono ya Yunia ikasimama juu ya mboga. "Kupima ni kushika?"

"Ni kushika. Mkono, kiganja, vidole."

"Mwingine atashika. Huko mna Opondo."

"Lakini bado sijaolewa, magokoro. Hata hajaniuliza."

"Moyoni mwako umeolewa ama hujaolewa?"

Esnah alichukua jani la managu akalichana. Bibi akarudi kwenye mboga zake. "Basi. Heshima haingoji ng'ombe wa mahari kufika nyumbani. Ukimshika leo, kesho utamwita baba kwa mdomo gani?"

Siku ya mzee kuja, Esnah alijipamba kwa uangalifu kuliko siku zote. Aliacha suruali, akavaa sketi ndefu ya samawati na shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni. Alipangusa mashine, akapanga miti kwa urefu, akamwambia Opondo, "Leo wewe ndiye utashika, mimi nitasoma skrini. Usiniulize kwa nini." Opondo aliinua nyusi, hakuuliza.

Mzee Kipsang alifika amevaa koti la suti la kahawia na kofia ya gofu ya zamani iliyopoteza rangi. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu kama mwanawe, masikio yake yana matundu makubwa ya kale. Mkewe Priscah alimfuata akiwa na mkoba mkubwa na leso mpya mabegani. Ilikuwa siku ya wanachama kucheza, na wengine walikusanyika kumsalimu mzee, maana alijulikana. Kipkurui alikuwa nyuma yao anang'aa uso kama aliyepakwa mafuta.

"Mzee, huyu ndiye fundi niliyekuambia. Ni mzuri kuliko wote."

"Chamgei!" Mzee alisema kwa furaha, akavua glavu kabisa ili amsalimu vizuri, akanyoosha mkono wake wa kulia. "Nimesikia unatengeneza watu mgongo, msichana wangu."

Wale wanachama waligeuka kutazama, wakitabasamu.

Esnah aliuona ule mkono ukija. Alirudi hatua moja nyuma. Akainamisha magoti, akaangalia chini, na mikono yake yote miwili akaipeleka mgongoni.

"Karibu, baba," alisema kwa sauti ya chini mno. "Opondo atakupima."

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Ulikaa pale muda ambao mtu angeweza kunywa funda la chai. Mmoja wa wanachama alikohoa. Mzee aliutazama mkono wake upande mmoja, akaugeuza akautazama upande wa pili, kama anayetafuta uchafu. Kisha akaushusha.

"Opondo anipime," alisema.

Opondo akapima. Mzee alipiga mipira aliyoambiwa apige, vizuri, kwa utulivu, na Esnah akasoma skrini huku herufi zinacheza machoni mwake, maana alijua kuna kitu kimevunjika ingawa hakujua ni kipi. Mbele yao kedi mdogo alikuja na kikapu cha mipira, Esnah akamshika bega kumshukuru kama kawaida yake, na mzee akaona. Priscah naye akaona. Aliuvuta mkoba wake karibu na tumbo.

Walipomaliza, Mzee Kipsang alivaa glavu yake tena, kidole baada ya kidole.

"Asante. Hiyo draiva sitaichukua," akamwambia mwanawe, akaenda zake kwenye gari.

Kipkurui alimtazama Esnah, mdomo wazi. Akamfuata baba yake.

Simu ilikuja jua likiwa linazama.

"Esnah, baba yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Unashika mikono ya kila mtu! Ya kedi, ya walevi wa baa, hata ya yule askari mwenye upele. Ya baba yangu ndiyo ina nini?"

"Kipkurui, naomba usipige kelele."

"Unajua yule mzee alianzia wapi? Alikuwa kedi hapo hapo. Aliwabebea mameneja wa mashamba mikoba akiwa hana viatu. Mchezo ukiisha, wao walivua kofia wakapeana mikono pale shimo la mwisho, na yeye amesimama na mkoba, mkono ameuweka tayari. Miaka yote. Hakuna aliyewahi kuushika. Amerudi kwenye uwanja ule akiwa mkurugenzi, mwanachama, ndio kusema yameisha. Halafu wewe, wewe niliyemleta kwako, ukaficha mikono mbele ya watu wale wale!"

Esnah aliweka kiganja mdomoni. Machozi yalikuja bila kuitwa.

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Sasa umejua. Kwa nini ulifanya vile?"

Kusema ukweli ilikuwa ni kusema: kwa sababu ni baba mkwe wangu. Na nani amemwoa? Nani amemwomba? Msichana anayejitangazia ukwe kabla hajaulizwa, huyo amejipeleka mwenyewe na mkeka wake. Alitamani Kipkurui aulize swali lile lingine kwanza, lile dogo, ili hili lijijibu.

"Sikuweza tu," alisema. "Kuna siku utaelewa. Niulize vizuri, Kipkurui. Niulize kitu kingine."

"Kitu gani kingine? Ni kwa sababu sisi ni Wakipsigis? Kwenu tunanuka?"

"Unaniambia mimi hivyo? Mimi?"

"Basi njoo Jumapili Kimulot. Ingia kwetu, umshike mkono mzee, umwambie pole. Ni hilo tu. Dakika moja na yaishe."

Esnah alifumba macho. Akaona mkono wa mzee, akaona wake ukiushika, akaona mlango ukifungwa kabisa.

"Pole nitasema hata nikiwa nimepiga magoti barabarani. Mkono ndio siwezi."

Simu ikakatika, na kila alipopiga tena alijibiwa na ile sauti ya mwanamke asiyejuana na mtu.

Mvua ndefu zilikuja zikapita. Esnah aliitengeneza ile draiva hata hivyo. Hakuna aliyemwagiza. Aliunganisha kichwa na mti kulingana na alivyosoma kwenye skrini siku ile, akaupima uzito, akausugua mpaka ukang'aa, akaacha kitu kimoja tu: mpira wa kushikia. Huo hauvikwi bila kujua vidole vya mwenyewe, na vipimo vya Opondo Esnah mwenyewe alikuwa amevitupa siku ile kwa hasira. Draiva ikasimama kwenye kona ya duka, shingo tupu kama kuku aliyenyonyolewa. Mteja akiitaka, Esnah alisema ina mwenyewe.

"Mwenyewe hatakuja," Opondo alimwambia siku moja kwa upole. "Dada yangu, iuze."

"Atakuja."

Habari aliletewa na Dorcus, mama wa jikoni ya klabu, akiwa na bakuli la maganda ya viazi kiunoni.

"Wewe Esnah, yule mtu wako wa kutema chai, nasikia koito yake, ile sherehe yao ya uchumba, imeshafanyika. Msichana anaitwa Nelvine, mwalimu wa kutoka Ndanai. Wazee wa koo zote mbili wamekaa, wamekula, na wachumba wamepakwa siagi kichwani wote wawili. Ilikuwa sherehe kubwa..." Akamwona Esnah uso, akaweka bakuli chini. "Jamani. Ulikuwa bado unangoja?"

"Nilikuwa nafuta fimbo," Esnah alisema.

Zikapita siku kadhaa. Alasiri moja ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye madirisha, gari lilisimama nje ya duka. Mzee Kipsang akashuka peke yake upande wa abiria, amevaa koti lile lile la kahawia, kofia mkononi. Kipkurui alikuwa kwenye usukani. Alishuka baadaye, akaegemea mlango wa duka kama mtu anayeogopa kuingia ndani. Alikuwa amekonda.

Esnah alisimama. Miguu yake yenyewe ikarudi hatua nyuma, magoti yakainama, mikono ikaenda mgongoni.

Mzee alitingisha kichwa polepole.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo hiyo niliyoiona."

"Baba, sikukusudia..."

"Ngoja niseme mimi, mama." Akatafuta kiti, akakaa. "Siku ya koito ya huyu mtoto, jirani yangu Onyiego, Mkisii wa duka pale Kimulot, alileta watu wake kutusaidia kupika. Kulikuwa na mama mmoja kijana. Akamletea Onyiego sahani, akaiweka chini, akarudi nyuma, akainama, akaficha mikono. Vile vile! Mimi nikacheka, nikamwambia Onyiego, 'Huyu umemkosea nini, hata mkono hataki kukupa?' Akaniambia, 'Nimemkosea nini? Huyo ni mke wa mwanangu. Hiyo ndiyo heshima yake kwangu.'"

Mzee aliigeuza kofia magotini. Ukungu ulikuwa unaingia mlangoni karibu na bega la Kipkurui.

"Sahani ilinishinda kula. Hata kwetu wakwe wanaheshimiana, msifikiri sisi hatuna adabu. Lakini kwetu inaanza baada ya koito, watu wakishajuana nani ni nani. Wewe ulianza mapema, na mimi hakuna aliyeniambia wewe ni nani. Nilikuwa nimesimama pale nina siagi kwenye vidole. Nilikuwa nimeshawapaka, huyu na yule binti. Kwa mkono huu."

"Esnah." Sauti ya Kipkurui ilikuwa imepasuka. "Kwa nini hukuniambia?"

Esnah alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Ungeniuliza swali moja kwanza, ningekujibu hili. Uliniambia najua mwenyewe. Nilijua, Kipkurui. Nikafanya kama mtu anayejua."

"Bado tunaweza..." Kipkurui akashika fremu ya mlango. "Nelvine ni mtu mzuri, nitamwelezea, wazee..."

"Utamwelezea nini? Kwamba siagi ilipakwa kwa makosa? Yule msichana amekosa nini?"

Wote watatu walijua kwamba kule kwao siagi ikishakauka kichwani haifutwi, koo mbili zimekula sahani moja, na Nelvine alikuwa ameshaanza kushona nguo.

Mzee Kipsang aliinuka. Aliiona ile draiva kwenye kona, akaenda akaichukua, akaizungusha kidogo hewani, kwa upole, kama mtu anayepima mtoto wa ng'ombe kwa macho.

"Hii ni yangu."

"Ni yako, baba. Imebaki mpira wa kushikia."

"Kwa nini hukuvika?"

"Nahitaji kiganja."

Basi akaiegemeza fimbo mezani, akavua glavu, akanyoosha mkono wake wa kulia kama siku ile.

"Sasa nipime," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kabisa. "Sasa unaweza."

Kutoka mlangoni Kipkurui alisema, kama anayenong'ona kwa mgonjwa, "Esnah, usimpe. Tafadhali. Ukimpa..."

Na yeye alijua. Mikono ilikuwa bado mgongoni, vidole vimeshikana kwa nguvu. Angeiacha pale, mzee angeelewa, mwanawe angeelewa, lile tumaini lingeendelea kusimama kwenye kona kama draiva isiyo na mshiko. Na binti mmoja huko Ndanai angekuwa anashona nguo ya harusi bila kujua kwamba kuna mwanamke Kericho anayemwita baba mkwe wa mwenziwe baba mkwe wake. Tena ule mkono ulikuwa umenyooshwa, mbele ya uwanja ule ule, unangoja, na ulikuwa umengoja tangu ukiwa mkono wa kijana asiye na viatu.

Akaleta mikono yake mbele. Akaushika, kwa mikono yake yote miwili.

Nyuma yake mlango ulifungwa. Injini ya gari iliwaka, lakini gari halikuondoka.

Aliulaza mkono wa mzee kwenye kibao. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri, ngozi imelegea, doa la rangi ya chai kwenye kidole gumba ambalo halitaoshwa tena na sabuni yoyote, kucha moja imekufa zamani. Alipima kiganja. Alipima vidole, kimoja kimoja, bila haraka. Akachagua mpira mnene kidogo, kwa sababu ya baridi yabisi, akaufunga utepe, akaupaka dawa ya kugandisha, akauvuta mpaka ukakaa. Mzee aliketi akimtazama kazi nzima. Mara moja alifuta macho kwa kofia.

Alipomaliza, hakuiweka draiva mezani ili achukue mwenyewe. Alimkabidhi mkononi.

"Ukae nayo mpaka kesho ndipo upige," alisema. "Dawa ikauke, mzee."

Alikuwa amezoea kumwita baba. Wote wawili walisikia.

Nyumbani Yunia alikuwa amekaa karibu na jiko. Janefer alikuwa anaweka kikombe cha baba mkwe mezani, anarudi nyuma, anainama. Esnah alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akakaa kwenye kigoda miguuni pa bibi yake, akanyoosha viganja vyake kwenye moto.

"Alikuja?" Yunia aliuliza.

"Alikuja."

Bibi aliiangalia ile mikono juu ya moto, akaelewa. Akasogeza kuni ndani.

"Ulikuwaje mkono wake, mwanangu?"

Esnah aligeuza viganja juu ya moto.

"Ni mkono tu, magokoro," alisema. "Mkono wa mzee yeyote."